Dume Niliyemchagua kwa Macho

Asubuhi ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Mke wangu akisikia hivyo atanuna, lakini ndivyo ilivyo, mwanangu, na mtu wa umri wangu hana tena sababu ya kudanganya.

Mvua za Januari zilikuwa zimetulia kidogo. Nilifungua lango la shamba kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwingiza dume mmoja mkubwa, jina lake Komanda, katikati ya mitamba kumi na mmoja, kisha nikarudi nyuma hatua mbili ili nimtazame vizuri. Mtamba, kama hukukulia karibu na zizi, ni ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, buti mpya miguuni, funguo za shamba kiunoni. Nilijiona mtu.

Shamba lenyewe lilikuwa upande wa Lufira, kwenye barabara inayokwenda Mwadingusha. Mji wa karibu, Likasi, wakati ule tuliuita Jadotville. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na mzungu mwenye shamba alikuwa ameondoka na familia yake, akaniachia mimi funguo na kabati la karatasi. Nilikuwa karani wake kwa miaka miwili tu, lakini kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika, wafanyakazi wakaanza kuniita kapita, yaani msimamizi, nami sikuwakatalia. Nyama ya shamba lile ndiyo iliyokuwa ikifika kwa familia nyingi za wafanyakazi wa kiwandani Shituru, maana barabara za kusini hazikuaminika tena. Ng'ombe wakubwa walikuwa wanapungua wiki hata wiki. Mitamba wale kumi na mmoja ndio waliokuwa kundi letu la kesho. Wakizaa salama, shamba litaendelea. Wakifa, tutafunga lango na kila mtu arudi kwao. Hilo nililijua vizuri siku nilipomwingiza Komanda.

Sasa nikueleze juu ya Mama Kabange.

Alikuwa mjane, mkubwa kuliko mama yangu mzazi, Mluba wa upande wa Bukama. Marehemu mume wake alikuwa mchungaji mkuu wa shamba. Alipokufa, mama yule hakuondoka, na mzungu hakumwambia aondoke, kwa sababu hakuna ng'ombe aliyezaa kwa shida pale bila mikono yake. Alikuwa mfupi, mkavu, ana mzaha mwingi, na alikuwa akivuta tumbaku kwa kiko cha udongo huku akijifanya hakusikii.

Kila asubuhi ng'ombe walipotoka zizini, Mama Kabange alisimama upande wa kulia wa lango. Kila anayepita alimwekea mkono mgongoni na kumtajia asili yake kwa Kiluba: wewe ni fulani, mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani. Waluba wana utamaduni huo kwa watu. Wanauita kasala, maneno ya kumsifu mtu kwa kutaja waliomzaa na yaliyowapata. Yeye alikuwa ameufanya wa ng'ombe. Mimi ni Msanga, Kiluba nilikisikia nusu nusu, na wala sikujisumbua na hiyo nusu nyingine. Niliona ni mazoea ya kibibi.

Halafu zile siku zikachafuka. Watu wakaanza kuuliza kabila lako kabla ya jina lako. Waluba walitazamwa kwa jicho baya kwa kuwa wengi wao walipinga Katanga kujitenga, hata wale waliozaliwa Jadotville na kubatizwa humo. Malori ya askari yalikuwa yakipita barabarani mbele ya lango letu. Asubuhi moja ya Desemba nikamwendea, tukasemezana kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kinachosema minye kwa mimi na njo kwa ndiyo.

"Mama, kuanza leo usiimbe tena hapa. Hii luga itatuletea maneno."

"Minye siimbake, Donati. Niko nabaita majina."

"Ata kama. Unyamaze tu."

Alinitazama. Akauondoa mkono wake mgongoni mwa ng'ombe aliyekuwa anapita.

"Bon. Nimesikia."

Kutoka siku ile ng'ombe walipita kimya. Nilikuwa na hofu, mwanangu, nami nikaipa hofu yangu jina la busara. Vijana wengi tulifanya hivyo wakati ule.

Kwa hiyo tulipofika kuchagua dume, nilifungua kabati la karatasi. Madume tuliokuwa nao waliofaa walikuwa wawili tu. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake ngumu, na juu yake mzungu alikuwa ameandika uzito siku ya kuachishwa kunyonya na uzito baada ya mwaka. Komanda alimpita mwenzake mbali sana. Nje ya karatasi pia, ukimtazama tu, mabega yake yalikuwa yamejaa mlango mzima. Yule wa pili aliitwa Kimya, mwekundu, wa wastani, anayekula majani yake pembeni bila ugomvi. Wanaume walimcheka. Nami nikamcheka. Nikasema mitamba wetu wanastahili bwana mwenye mwili.

Mama Kabange alikuwapo langoni asubuhi ile. Nilipomwingiza Komanda, alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Niliona, mwanangu. Niliona kwa macho yangu mawili kwamba mtu huyu ana neno, na sikumwuliza. Nikaendelea kumsifu dume wangu.

Haikupita muda mrefu, vijana fulani wa mjini wakaja kuuliza yule mama wa Kiluba analala wapi. Kesho yake akafunga kitenge chake, sufuria mbili na kiko, akahamia Shituru kwa binti yake, ambaye mume wake alikuwa na nyumba ya kampuni. Sikumfukuza. Lakini sikumwambia abaki pia, na moyoni nilipumua.

Oktoba ikaja na joto lake, na mitamba wakaanza kuzaa.

Wa kwanza alikuwa Malaika. Alisukuma tangu asubuhi hadi jua la mchana, miguu miwili ya mbele ya ndama ikatokea, mikubwa kama ya ndama wa mwezi mzima, kisha hakuna kilichoendelea. Tukafunga kamba, tukavuta wanaume wanne. Malaika alikufa akiwa na mtoto wake ndani. Wa pili, Selina, alipona, lakini ndama wake alitoka ulimi umevimba na umekuwa wa buluu, hakuvuta pumzi hata moja. Usiku sikupata usingizi. Siku iliyofuata, jua likiwa bado changa, Mado akalala chini.

Mado ndiye niliyempenda kuliko wote. Alikuwa mweupe tumboni, mpole, akikuona anakuja kukulamba mfuko wa suruali akitafuta chumvi. Nilipoiona miguu ya ndama wake imetokea, mikubwa vilevile, nilijua tunamhitaji Mama Kabange. Nikawaambia wanaume wasiguse kamba mpaka nirudi. Nikapanda baiskeli.

Mama Kabange nilimkuta mbele ya nyumba ya binti yake, anachagua maharagwe kwenye ungo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba msamaha njia nzima. Yote yakapotea.

"Mama, mitamba banakufa."

Hakuuliza jambo lingine ila moja.

"Nani iko chini?"

"Mado."

Akauweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni na chupa ya mafuta ya mawese, akakaa nyuma ya baiskeli yangu kama msichana anayepelekwa misa.

Kwenye kizuizi cha askari tukasimamishwa. Kijana mwenye bunduki alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu.

"Huyu mama, muntu ya wapi?"

"Iko mama yangu."

"Mama yako ya kukuzala?"

"Njo yeye."

Nikampa karatasi yangu ya utambulisho. Aliisoma, akaigeuza, akatupungia tupite. Kile kizuizi kilipokuwa hakionekani tena, sauti yake ikanifikia mgongoni.

"Donati, leo umejitafutia mama mubaya. Minye batoto yangu nabapigaka."

Nilicheka huku machozi yakinishuka, na baiskeli ikataka kuingia mtaroni.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi, nimeona waganga wa mifugo wenye diploma na mikoba ya ngozi. Kazi aliyoifanya mwanamke yule siku ile sijaona mtu akiifanya vizuri zaidi. Alifika akakuta wanaume tayari wameshika kamba, maana subira iliwashinda.

"Muache! Muko navuta ngombe ao muko navuta lori?"

Aliosha mikono mpaka begani, akajipaka mawese, akalala chini kwenye majani nyuma ya Mado na kupitisha mkono wake ndani polepole, macho ameyafumba, akiongea naye kwa sauti ya chini. Kisha akatueleza. Kichwa kimekaa vizuri, kinatazama mbele, ila mabega ni mapana kuliko mlango. Tulipokuwa tunavuta miguu yote miwili pamoja, tulikuwa tunayabana mabega yote mawili mlangoni kwa wakati mmoja. Akatuamuru tuvute mguu mmoja kwanza kidogo, bega moja lipite, ndipo wa pili. Na tusivute ila Mado mwenyewe anaposukuma. Akipumzika, nasi tupumzike. Na tuelekeze kamba chini, upande wa miguu ya Mado, wala si moja kwa moja nyuma.

"Yeye njo mwenye kuzala," alisema. "Shiye tuko namusaidia tu."

Bega la kwanza likapita. Nilisikia Mado anaguna kama mtu aliyetua mzigo. Bega la pili likafuata, kifua kikatoka, na pale kiuno cha ndama kilipokwama Mama Kabange akamkumbatia yule mtoto mwenye utelezi na kumgeuza kidogo ubavu, naye akateleza mzima mikononi mwake. Hakuwa anapumua. Alimlaza kwa kifua, akamfuta pua, akachukua unyasi mkavu na kumchokoa ndani ya pua. Tukangoja. Nakwambia tulingoja. Ndama akapiga chafya.

Wanaume wazima walipiga vigelegele siku ile, jambo ambalo si kazi yao.

Mado alibaki chini siku mbili, miguu ya nyuma haina nguvu. Mama Kabange alimkamua dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, akamnywesha ndama kwa kidole chake kabla jua halijazama, maana alisema ndama asiyepata yale mapema huwa anakufa baadaye na watu hawajui kwa nini. Siku ya tatu Mado akasimama.

Ni siku hiyo nilipomwuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye uzio, anajaza kiko chake.

"Mama, juu ya nini hii yote?"

Akanitajia, sasa kwa Kiswahili ili nielewe, yale aliyokuwa akiyasema langoni kila asubuhi. Komanda, mtoto wa Suzana. Suzana alimzaa kwa kuvutwa na wanaume wanne, akabaki chini siku tano, hakuzaa tena maishani. Baba yake Komanda aliua mitamba wawili kwa ukubwa wa ndama wake kabla mzungu hajamwondoa. Ndugu zake wa kiume kwa baba wote walizaliwa kwa kamba.

"Mutoto anabebaka mabega ya baba," aliniambia. "Na mutamba anabebaka mulango ya mama yake. Weye uliangalia dume vile iko leo. Haukuuliza vile alizaliwa."

Haikuwa kwenye karatasi. Mzungu alikuwa amempima Komanda alipoachishwa kunyonya, na dume wa namna ile, akishapona kuzaliwa, hukua sana kweli. Karatasi haikusema uongo. Ilianza tu kuhesabu maisha yake yakiwa tayari yamepita mahali pagumu.

"Lakini mama, siku namwingiza, ulikuwa hapa. Juu ya nini haukuniambia?"

Aliwasha kiko.

"Uliniambia ninyamaze."

Basi. Angenitukana ningeumia kidogo, kwa kuwa ningepata la kujibu. Nilitazama chini, nikaona buti zangu, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

"Minye sikukasirika juu yangu," akasema baadaye, kwa upole. "Muntu muzima anavumiliaka. Nilikasirika juu ya Malaika. Yeye hana kabila."

Alibaki shambani mpaka wote wanane waliosalia wakazaa. Alilala kwenye chumba changu, mimi nikalala ghalani, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba mama wa kapita amekuja kumtembelea. Katika hao wanane tulimpoteza ndama mmoja tu. Kwa dume wa aina ile, na kwa mitamba wachanga vile, hata leo sielewi aliwezaje.

Nikadhani nimeshapata somo. Nikamwambia, sawa mama, mwaka huu tumtafute dume mdogo kuliko wote, hata kwa jirani. Alicheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni. Akanieleza juu ya dume mmoja wa zamani, mdogo sana. Ndama wake walikuwa wanatoka kama sabuni, hakuna mtamba aliyelia. Lakini walizaliwa dhaifu, na waliozaliwa kwenye baridi ya Juni ya huku kwetu walikufa asubuhi ileile, hawakuwa na nguvu ya kusimama na kutafuta ziwa. Na binti zake waliopona walikua wembamba wa nyonga, nao walipofika zamu yao ya kuzaa, mlango ukawa mdogo. Shida aliyoiondoa kwa wake zake aliirudisha kwa binti zake.

Ndipo akanionyesha Kimya. Kimya alizaliwa majanini wakati mchungaji amekwenda kunywa maji, aliporudi akamkuta amesimama na mama yake anamlamba. Si mdogo, si mkubwa. Na akaniambia nisiishie kwa Kimya mwenyewe, nitazame dada zake. Walikuwa wanne kundini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuguswa na kamba.

Nikachukua zile karatasi ngumu za mzungu, nikazigeuza upande mtupu. Kwa asubuhi nyingi Mama Kabange aliongea nami nikaandika. Vizazi vinne vya ng'ombe, mwanangu, kila mmoja na mama yake: alizaa peke yake au alivutwa, mtoto alisimama haraka au alichelewa, mama alimlamba au alimkataa, maziwa ya kwanza yalitoka au la. Hakukosea mahali popote. Nilimjaribu kwa hila, nikamwuliza ng'ombe yuleyule baada ya wiki, akajibu lilelile na kuniuliza kama nimekuwa kiziwi. Mwanamke ambaye hakuwahi kushika kalamu alikuwa amebeba kichwani kile ambacho mimi na kabati langu hatukuwa nacho. Nilimstahi siku zile kuliko nilivyowahi kumstahi mwalimu yeyote, na nikampenda.

Mkwewe aliamua familia irudi Bukama siku treni itakapopata njia. Nilimbebea mizigo yake mpaka stesheni. Nilimwuliza kama naweza kumwandikia barua.

"Barua sijue kusoma," alisema. "Ngombe njo uandikie."

Treni ikaondoka. Sikumwona tena, wala sikusikia habari zake.

Oktoba iliyofuata nilikuwa na kamba begani na chupa ya mawese mfukoni, nikizunguka majanini kumtafuta Mado ambaye hakurudi na wenzake. Nilimkuta chini ya kilima, amesimama. Ndama wa Kimya alikuwa tayari ananyonya, mkia unacheza, mgongo bado umelowa. Mado alinitazama mara moja tu, akaendelea kumlamba mtoto wake. Nilikaa palepale kwenye majani nikalia, kwa sababu mtu mmoja tu duniani ndiye niliyetaka kumkimbilia kumwambia, na sikujua yuko wapi.

Basi mwanangu, wewe unayeanza kufuga, nakuachia haya. Siku hizi mbegu za dume zinakuja ndani ya mirija, na picha yake inakuja kwenye simu, mabega yamejaa kioo kizima. Usinunue mabega. Soma kwanza pale palipoandikwa ndama wake wanazaliwaje, binti zake wanazaaje, na wangapi wanafika kuachishwa kunyonya wakiwa hai. Pasipoandikwa, uliza. Mitamba wako wape dume ambaye watoto wake ni wa kiasi, wenye nguvu ya kusimama, na usikimbilie mdogo kupita kiasi kwa woga wako. Andika kila anayezaliwa siku anapozaliwa, hata kama umechoka. Na ukimwona mtu amefungua mdomo kisha akaufunga mbele yako, simamisha kazi umwulize, awe wa kabila gani, awe wa chama gani, hata kama nchi nzima inakuambia asisikilizwe. Mimi nilimwuliza kwa kuchelewa, na Malaika akalipa.

Mungu akulinde na majivuno ya ujana, kwani yangu mimi yalikuwa makubwa. Akupe majike wanaozaa mchana kweupe bila kamba, akupe ndama wanaosimama kabla hujafika, na akujalie mwalimu kama wangu, umjue ungali naye. Nenda na baraka zangu, mwanangu, na zake yeye pia, popote alipolala.